Siku Nilipofungua Sanduku la Siri Mbele ya Wazazi

Hili nitalisimulia mara moja tu, tena nikiwa nimeinamisha uso, kwa hiyo msinikatize na msianze kucheka mapema, kwa sababu mwanzo wake unachekesha na mwisho wake hauchekeshi. Hapa kwetu Misigiri watu wote wanalijua. Juzi tu kijana wa bodaboda alinigeukia njiani akaniuliza, "Dada, si wewe ndiye mwalimu wa sanduku?" nikamjibu hapana, mimi nauza nyanya, na wakati huo nina vumbi la chaki mpaka kwenye nyusi.

Mimi ni mwalimu wa kujitolea. Kidato cha nne nilimaliza kwa kupepesuka (matokeo yangu tuyaache yalipo), lakini toka utotoni ndoto yangu ilikuwa kufundisha, nilikuwa nawapanga kuku wa mama mstari nawaita majina, na mwalimu mkuu wa shule yetu ya msingi aliponiambia kwamba darasa la nne halina mwalimu wa kutosha nikakubali hata kabla hajamaliza sentensi. Watoto wananiita mwalimu Eliwaza. Siku ya kwanza nilipoitwa hivyo nilienda nyuma ya stoo ya majembe na mafagio nikalia kwa furaha, na ninawaambia hili ili mjue kwamba kulia kwangu hakukuanza siku ya kikao.

Sasa, mwezi wa kwanza alikuja mtoto mpya, Minza. Ni binti wa familia ya Wasukuma waliohamia na ng'ombe wao ng'ambo ya korongo, mwendo wa saa nzima kwa mguu wa mtoto. Alikuwa mwembamba, mpole, sweta lake limemzidi mikono, na katika darasa la watoto arobaini na nane yeye ndiye alikuwa Msukuma peke yake. Na mnajua sisi Wanyiramba na Wasukuma ni watani. Mimi naweza kumkuta Msukuma nisiyemjua pale mnadani nikamwambia avue hiyo kofia, ng'ombe wake anaidai, naye akanijibu kwamba Mnyiramba akialikwa harusini anakwenda na sufuria lake kabisa, tukacheka, tukaulizana habari za mvua, tukaagana. Ndivyo tulivyolelewa. Na sheria ya utani ni moja, mtani hakasiriki. Ukikasirika umeshindwa, na watu watakucheka mara mbili.

Basi asubuhi moja Minza alichelewa. Akasimama mlangoni, darasa zima kimya, watoto arobaini na sita (mmoja alikuwa mgonjwa, sikumbuki nani) wamemkodolea macho, na mimi nikamwonea huruma. Kweli kabisa, ilikuwa huruma. Nikataka kumchangamsha asiogope, nikasema kwa sauti ya kuchekesha:

"Karibu mtani! Umechelewa, michembe ilikuwa haijaiva?"

Michembe, kwa asiyeijua, ni viazi vitamu vilivyokatwa vikakaushwa juani, unavichemsha wakati wa njaa na wakati usio wa njaa pia, na Wasukuma wanataniwa navyo kila siku. (Nyumbani kwetu lipo debe zima juu ya dari. Tunakula sana. Lakini utani hauangalii hilo.) Darasa likaangua kicheko, na Minza naye akacheka, akaenda kukaa. Mimi nikajiona mwalimu hodari, nimemkaribisha mtoto kwa mila na desturi. Na kwa sababu ilifanikiwa, nikairudia. Naita majina, nikifika kwake nasema, "Mtani, michembe ipo?" naye anasema, "Ipo, mwalimu," na wote tunacheka. Niliirudia mara tano. Najua ni tano kwa sababu baadaye nilikaa kitandani nikazihesabu.

Mwezi wa tatu nikapelekwa semina ya siku tatu Kiomboi, semina ya kufundisha watoto kuzitambua hisia zao na kuzuia uonevu shuleni. Jamani, ile semina ilinipandisha mawinguni! Nilirudi na daftari limejaa. Nikachora nyuso nne kubwa nikazibandika ukutani, furaha, hasira, huzuni na aibu, na kila asubuhi mtoto akiingia anaweka kidole kwenye uso wa siku yake. Minza kila siku aliweka kwenye furaha. Kila siku. Nilimsifu mbele ya wenzake, nikasema, "Muigeni Minza, haamki na makunyanzi."

Halafu nikatengeneza sanduku. Nilichukua boksi la sabuni, nikalivalisha karatasi ya zawadi yenye maua, nikatoboa mdomo juu, nikaandika kwa kalamu nene ya makapeni: ANDIKA KINACHOKUUMIZA. NITASOMA MIMI TU. Kila Ijumaa baada ya kufagia nalifungua, nasoma peke yangu, halafu wiki inayofuata nashughulika na kila jambo kimyakimya. Watoto walilipenda, na sijui nani aliwafundisha, wakaanza kuandika barua kama za kumwandikia mtu, "Mpendwa Sanduku." Ikawa kama sanduku lina masikio yake na mimi nina yangu.

Mwezi wa tano, alizeti zimeshavunwa na watu wana nafasi, mwalimu mkuu akaniambia kutakuwa na kikao cha wazazi na afisa elimu kata atakuwepo, akataka niwaonyeshe huo mradi wangu. Na hapa ndipo penye kosa lenyewe, kosa dogo ambalo ukilitazama hivi hivi hulioni. Nikaamua nisilifungue sanduku kwa wiki mbili. Niliwaza likiwa limejaa, nikalifungua pale pale mbele ya watu, karatasi zikamwagika mezani, nikachagua moja mbili nikazisoma bila kutaja jina, wazazi wataguswa, afisa ataguswa, ataniandikia barua nzuri, nitakwenda chuo cha ualimu, nitarudi na kiatu kinacholia ko-ko-ko kwenye sakafu. Nilishaiona mpaka rangi ya hicho kiatu.

Mwalimu mkuu aliniuliza, "Sasa zile karatasi si utazipitia kwanza?"

"Mwalimu, niamini," nikamwambia. "Zikiwa hazijaguswa ndio zinakuwa na nguvu."

"Haya. Ila usije ukashtukia jambo mbele za watu."

Na ile Ijumaa ya kwanza ya kutolifungua, watoto wakiwa wameshaondoka, Minza alibaki anafuta ubao ambao ulikuwa umeshafutwa. Akaniuliza bila kunitazama, "Mwalimu, leo hufungui sanduku?"

"Bado, mtani. Subiri kikao, mtafurahi wote."

"Sawa, mwalimu."

Ijumaa ya pili hakuuliza.

Siku ya kikao ilikuwa Jumatano. Turubai limefungwa mbele ya madarasa, wazazi kwenye madawati, watoto chini mbele, spika tumeazima kwa wanakwaya, kubwa kama kabati. Mimi nimevaa gauni la kitenge nililoshonewa kwa ajili ya harusi ya dada. Baba yake Minza alikuwepo, amekaa pembeni kabisa na fimbo yake miguuni, na mbele yake alikaa mama Elisha wa kamati ya shule, mama mwenye sauti ambayo haihitaji spika, na walikuwa wameshaanza utani wao.

"Msukuma, umewaacha ng'ombe na nani leo?"

"Nimewaachia mume wako, mama. Amesema hana kazi."

Watu wakacheka, baba Minza naye akacheka, hali ya hewa nzuri kabisa. Nikaitwa. Nikasimama na sanduku langu, nikaeleza hisia nne, nikaeleza uonevu ni nini, na nikasema bila haya, "Watoto hawa wananiamini." Nikakata gundi kwa wembe. Karatasi zikamwagika kama nilivyoota.

Ya kwanza nikaisoma kwenye maiki: "Mpendwa Sanduku, Yusufu amekula andazi langu akasema limeanguka lenyewe mdomoni kwake." Kicheko! Afisa elimu kata akacheka mpaka akafuta miwani. Nami nikajaa upepo. Nikachukua ya pili, imekunjwa ndogo sana, kama dawa ya mganga.

"Mpendwa Sanduku. Mimi naitwa Michembe lakini sio jina langu. Wananiita wakati wa mapumziko na njia nzima. Wananijazia majani kwenye begi wanasema ni ya ng'ombe wetu. Nikilia wanasema mtani halii."

Mtasema hapo ningeshtuka. Nami nawaambia nilikuwa nimelewa na sauti yangu kwenye spika. Sikuwa nasikia barua, nilikuwa nasikia mradi. Nikaishusha karatasi, nikawatazama wazazi, nikanyoosha kidole.

"Wazazi wangu, mnasikia? Huyu ni mtoto analia kwenye karatasi! Yuko aliyeanzisha jambo hili. Awe mtoto wa nani, awe mtoto wa kiongozi, leo tutamtaja hapa hapa!"

Makofi. Mama Elisha akasimama kabisa. "Mtaje! Mtaje huyo!"

Nikainua karatasi nikaendelea kwa sauti ya hakimu, na mdomo wangu ulitangulia macho yangu, nikasoma: "Aliyeanza ni mwalimu Eliwaza. Naomba Sanduku usimwambie, atajisikia vibaya."

Spika ya kwaya ina mwangwi. Ilirudia jina langu mpaka kwenye vyoo.

Kwanza watu walitazamana kama wanaopiga hesabu. Halafu mtu mmoja akacheka, halafu wawili, halafu turubai zima, na sio kwa ubaya, walidhani ni utani, kwa sababu michembe na mtani vikikaa kwenye sentensi moja Mnyiramba gani atajizuia? Mama Elisha akamgeukia jirani yake wa nyuma huku anajipigapiga mapaja.

"Kumbe ni binti yako, Msukuma! Ameshindwa utani mpaka ameandika barua!"

Baba Minza hakumjibu. Ilikuwa mara ya kwanza nione Msukuma hana jibu.

Na hapo ningenyamaza. Ningekaa chini na gauni langu la harusi, ningekunja zile karatasi. Lakini kwenye daftari langu la semina niliandika kwamba aliyekosa aombe msamaha waziwazi, na kichwa changu kilikuwa kimebaki na neno moja tu, waziwazi, waziwazi, nikasema kwenye maiki, "Minza, mama, njoo hapa mbele, mwalimu akuombe msamaha."

Barua haikuwa na jina. Kama yupo mzazi mmoja mle ndani ambaye alikuwa hajajua ni mtoto gani, basi nilimmalizia mimi.

Alisimama. Alipita katikati ya wenzake, na kutoka chini kule niliisikia sauti ndogo ikisema lile jina, taratibu, bila kukusudia hata nisikie, kama mtu anavyosema jina la mtu anayepita. Akafika mbele yangu. Na akacheka. Kicheko kile kile cha asubuhi ile ya mlangoni, cha kila nilipoita majina, meno yote nje, na safari hii kwa kuwa nilikuwa karibu nikaona kilichobaki. Macho hayakuwa yanacheka. Mikono ilikuwa imeshika ncha za sweta inazivuta, inazivuta, uzi ulikuwa umeshafumuka mpaka kwenye kiwiko. Miezi minne mtoto ananichekea hivyo, na mimi namwandikia furaha.

Nikaanza kulia, na maiki iko mdomoni. Kwa hiyo Misigiri ikasikia kilio changu chote, na pua yangu, na kwikwi, vyote kwa mwangwi, mpaka mwanakwaya mmoja akakimbia kuchomoa waya. Afisa elimu kata alikuwa anaangalia viatu vyake. Na Minza, huyo mtoto, akanishika gauni akaninong'oneza, "Mwalimu, basi, usilie. Watakucheka."

Baba yake akaja pale mbele. Hakupaza sauti. Alisema tu, "Mwalimu, nipe mtoto," kana kwamba nilikuwa nimemshika, kumbe yeye ndiye alikuwa amenishika mimi. Wakaondoka kwa mguu kuelekea korongoni, fimbo begani, mtoto nyuma yake. Hakumshika mkono, nadhani alijua njia nzima kuna watu wanawatazama.

Jioni hiyo nilizisoma karatasi zilizobaki. Zake zilikuwa mbili nyingine. Moja ilisema, "Mpendwa Sanduku, wiki hii hata wa darasa la kwanza wananiita." Na ya mwisho ilikuwa fupi. "Mpendwa Sanduku, sijui kama bado unasoma."

Kesho yake hakuja shule. Nikawauliza darasa, kwa upole wote niliokuwa nao, nani alikuwa anamwita Minza lile jina. Wakatazamana. Halafu Tatu, binti wa dawati la mbele, mtoto mwenye adabu kuliko wote, akanyoosha mkono akasimama.

"Mwalimu, si wewe ulisema?"

Hakuwa ananijibu kwa kiburi. Alikuwa ananikumbusha tu, kama wanavyonikumbusha nikisahau kuandika tarehe. Nikamwambia, "Ndiyo, Tatu. Kaa."

Jumamosi nikavuka korongo. Nilimkuta baba Minza anarekebisha zizi la ndama, nikamwamkia, "Shikamoo baba," akaitika marahaba, akanipa kigoda. Nilikuwa nimepanga maneno njia nzima na yote yakapotea, nikasema, "Nimekuja kuomba msamaha, na hapa hakuna spika."

Akatabasamu kidogo. Akaendelea kufunga miti kwa kamba. "Mwalimu, mimi utani naujua. Yule mama wa kamati akinitukana namrudishia, ananirudishia, tunakwenda. Mimi na wewe tukikutana mnadani utaniita unavyotaka." Akavuta kamba. "Sasa mtoto wangu angekurudishia nini? Wewe ni mwalimu wake. Na wale wako arobaini na kitu. Yeye alikuwa anataniwa tu. Hakuwa anatania."

Nikainuka nikamshikia mti aliokuwa anaufunga.

"Hakuniambia," akasema, na hapo ndipo sauti yake ilipokatika kidogo. "Angeniambia, ningecheka. Ndio maana hakuniambia."

Akanieleza kwamba Minza atakwenda kwa shangazi yake Igunga, atasoma huko, wameshakubaliana. Nikamsihi. Nikamwambia nitazungumza na watoto, nitamlinda, nitamsindikiza mpaka korongoni kila siku. Akanisikiliza mpaka mwisho, mzee wa watu, halafu akasema, "Mwalimu, sikatai kwamba utafanya. Lakini yeye ameomba kuondoka. Ni kitu cha kwanza ameniomba tangu tuhamie hapa."

Wiki iliyofuata walikuja kuchukua barua ya uhamisho. Baba akaingia ofisini kwa mwalimu mkuu, Minza akabaki nje kwenye kibaraza, kavaa viatu vipya, sweta lile lile limeshonwa kiwiko. Nikachuchumaa mbele yake. Nikamwambia zile barua mbili nyingine nilizisoma mimi peke yangu, na kwamba zilipaswa kusomwa Ijumaa ile ile aliyoniuliza, na kwamba lile jina nilianza mimi, sio mwingine, na yeye hakushindwa kitu chochote.

Akafikiri. Alikuwa mtoto wa kufikiri, nami sikuwahi kuligundua, nilikuwa nashughulika kumchekesha.

"Sanduku lilikuambia?" akauliza.

"Liliniambia."

"Nililiambia lisikuambie." Akaangalia viatu vyake. "Ulijisikia vibaya?"

"Sana."

Akaitikia kwa kichwa kama daktari. Baba yake akatoka na barua mkononi, wakaanza kuondoka, na walipofika kwenye nguzo ya bendera Minza akageuka akaniita, "Mwalimu!"

"Ee, mama."

"Ukija Igunga, ukichelewa, utakuta michembe tumeshaimaliza."

Akasimama kidogo, ananiangalia usoni, anangoja. Hakuwa anacheka. Ilikuwa mara ya kwanza anitanie, na alinitania akiwa anaondoka, na mimi, mwalimu wa hisia nne, sikujua niweke uso gani. Nilipopata jibu alikuwa ameshavuka barabara ya lami.

Mpaka leo natembea nalo, lile jibu, ni zuri hata, angecheka kweli.

Bado nafundisha, mwalimu mkuu alinisema siku mbili kisha akanipa chaki. Barua ya afisa haikuja na sijaiulizia. Mama Elisha alikuja darasani siku moja bila kuitwa, akawaambia watoto, "Mkitaka utani, njooni mnitanie mimi, mimi nina mdomo," akaondoka anajifuta uso na kanga. Sanduku liko pale pale ila nimelibandua karatasi ya maua, na nalifungua kila siku kengele ya kwenda nyumbani ikilia, hata kama kuna karatasi moja, hata kama ni ya andazi. Na asubuhi, kabla ya mtoto yeyote, mimi ndiye naanza kuweka kidole ukutani. Siku nyingi naweka kwenye aibu, watoto wananiuliza kwa nini, nawaambia.

Na nimeapa, nyinyi mkiwa mashahidi, sitamtania tena mtoto ambaye hawezi kunirudishia. Nikiona mtoto anacheka, nitaangalia kwanza mikono yake inafanya nini.